Akaunti ya Mtoto Si Kibubu cha Mzazi

Hotuba kwa wazazi na walezi kwenye kikao cha shule ya msingi, Mbagala, Dar es Salaam

Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, walimu, wazazi na walezi wenzangu. Shikamooni wazee wetu. Wengine, habari za asubuhi. Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Nashukuru kupewa nafasi hii kabla ya taarifa ya mitihani.

Nimeombwa nizungumzie akaunti za benki za watoto: ufungue ipi, na ukishaifungua uitunze vipi. Nimekaa kaunta ya benki hapa mjini kwa miaka mingi, na siku hizi nazunguka kwenye vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana, nikifundisha mambo ya akiba. Jambo langu ni moja, nalisema mapema ili hata atakayewahi kuondoka aende nalo. Pesa iliyowekwa kwa jina la mtoto ni ya mtoto. Wewe umepewa kuitunza tu. Akaunti za watoto nilizoziona zikifa, nyingi hazikufa kwa riba ndogo wala kwa makato ya benki. Mzazi mwenyewe ndiye aliyezimaliza, taratibu, elfu thelathini leo, elfu hamsini mwezi ujao, mpaka likabaki lile salio la chini ambalo benki haimruhusu kuligusa.

Simsemi vibaya mzazi huyo, maana maisha ya Dar nayajua. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Rejesho la kikundi linadaiwa kila wiki, na ukilikosa wenzako wanakuja kukaa barazani kwako mpaka lipatikane. Wale wa mikopo ya kausha damu ndio usiseme, wanabeba friji watoto wakiangalia. Siku kama hiyo, ukikumbuka kwamba kwenye akaunti ya mtoto kuna laki nne, miguu inakupeleka yenyewe. Unasema moyoni, nitarudisha. Wanaorudisha ni wachache sana. Ndiyo maana nawaambia wazazi: ukienda kuchagua akaunti ya mtoto, tafuta ile itakayokuwa ngumu kwako wewe siku ya shida. Riba, zawadi za begi na chupa ya maji, picha za katuni kwenye kadi, hayo yaje baadaye.

Kabla hatujaingia benki, tutenganishe vitu viwili ambavyo wengi wetu tunavichanganya. Kuna pesa ya ada na mahitaji ya shule, na kuna akiba ya mtoto. Shule za serikali hazitozi ada ya msingi na sekondari ya chini tangu 2016, na kidato cha tano na sita wakaongezwa 2022. Lakini sare zipo, madaftari yapo, nauli ipo, chakula cha shuleni kipo, na mwenye mtoto shule binafsi anajua Januari ilivyo. Pesa hizo zina tarehe. Unaziweka Septemba ukijua zitatoka Januari. Na kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu ni wajibu wa mzazi. Hilo ni deni lako wewe. Ukichota kwenye akiba ya mtoto ukalipia ada ya darasa la tatu, umemfanya mtoto wa miaka tisa alipe deni la baba yake.

Kwa hiyo ada iwekee mahali pake: akaunti yako ya kawaida ya akiba, au kibubu cha kwenye simu, au mchezo wenu wa kupokezana kama mnaaminiana na zamu yako inaangukia Desemba. Akaunti ya mtoto iache iwe ya mambo ya mbele: chuo, mafunzo ya ufundi ya veta, mtaji wa kwanza, kiwanja. Ukishazitenganisha hivyo, hata uchaguzi wa benki unakuwa mwepesi, kwa sababu ile ya ada inatakiwa iwe rahisi kutoa na hii ya mtoto inatakiwa iwe ngumu.

Wapo watakaoniuliza, kwa nini nisitumie kopo langu chini ya kitanda? Halina makato, halina foleni. Mwaka 2025 Benki Kuu iliziondoa kwenye mzunguko noti za zamani zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na ile noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Muda wa kuzibadilisha ulikuwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili. Baada ya hapo, bibi aliyekuwa amemfungia mjukuu noti kwenye kitambaa tangu siku ya arobaini, akaja kukifungua siku ya kumpeleka sekondari, alikuta karatasi. Na hapo sijataja moto, mafuriko ya Jangwani na Msimbazi, wezi wa madirishani, wala ndugu wa ndani ya nyumba anayejua kopo liko wapi. Kibubu kinafaa kumfundisha mtoto mdogo kwamba pesa inaweza kungoja. Kikijaa, kipelekwe benki siku hiyohiyo.

Sasa benki. Karibu kila benki kubwa hapa mjini ina akaunti ya watoto. CRDB wana Junior Jumbo. NMB wana Mtoto Akaunti kwa wadogo na Chipukizi kwa waliofika umri wa sekondari. NBC wana Chanua. Sikuja kumpigia debe yeyote, na masharti yao hubadilika, kwa hiyo kaulize mwenyewe tawini. Ila zote zina umbo moja. Mtoto ana jina kwenye akaunti, mzazi au mlezi ndiye anayesaini, na mtoto akifika miaka 18 akaunti inakuwa yake kisheria. Kwa kawaida hazitozwi ada ya kila mwezi na kianzio chake ni kidogo.

Ukifika mezani kwa ofisa, usianze na riba. Anza kwa kuuliza: ninaruhusiwa kutoa mara ngapi kwa mwaka, na nikizidisha inakuwaje? Zipo akaunti zinazokunyima riba ya kipindi ukitoa zaidi ya idadi waliyoweka. Mzazi mwingine akisikia hivyo anakunja uso. Mimi nasema hiyo ndiyo unayoitaka. Uliza kama unaweza kuweka sharti la saini mbili, yako na ya mwenzako, au yako na ya dada yako unayemheshimu, yule ambaye huwezi kumwendea na uongo. Uliza kama kadi ni lazima. Kama si lazima, ikatae. Kadi ya akaunti ya mtoto ikikaa kwenye pochi ya mama, itatumika Ijumaa usiku. Na ukiunganisha akaunti hiyo na simu, omba iwe ya kuangalia salio na kuweka tu, kama benki yako inaweza. Kuweka kuwe rahisi hata saa nne usiku, na kutoa kukulazimu kuvaa vizuri, kupanda daladala mpaka tawini na kumweleza mtu shida yako uso kwa uso.

Nimeshuhudia nguvu ya hatua hiyo ndogo ya kueleza. Mama anafika kaunta, anaulizwa sababu ya kutoa, anasita, anasema, basi acha, nitakopa kwa shoga yangu. Akaunti inapona kwa sababu tu aliulizwa.

Halafu uliza makato. Makato ya kutoa, makato ya taarifa fupi za simu, makato ya akaunti kukaa bila kutumika. Akiba ya elfu kumi kwa mwezi ikikatwa elfu moja kila mahali, inatembea kwa kuchechemea. Kuweka kupitia wakala wa mtaani mara nyingi hakuna gharama kwa anayeweka, na kunakuokolea nauli. Ila kwa wakala kuna adabu yake: usiondoke kabla ujumbe wa benki haujaingia, na risiti yako usimwachie. Maneno ya “mtandao unasumbua, acha hela nitakuwekea jioni” usiyakubali hata kama wakala ni mtoto wa jirani.

Tuje kwenye riba, na hapa naomba tuende polepole, kwa sababu ndipo wazazi wengi wanapodhani akaunti ya mtoto itafanya muujiza. Akaunti za kawaida za akiba nchini zimekuwa zikilipa riba inayozunguka asilimia 3 kwa mwaka. Kwenye riba hiyo Serikali inachukua kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, ya asilimia 10, kwa hiyo kinachobaki ni kama asilimia 2.7. Mfumuko wa bei nao kwa miaka hii ya karibuni umekuwa karibu asilimia 3. Maana yake, pesa ya mtoto kwenye akaunti ya akiba inalindwa na kuhesabika, lakini haikui. Inakimbia mahali palepale pamoja na bei ya sukari.

Tuchukue mfano. Mzazi anaweka shilingi 20,000 kila mwezi tangu mtoto anazaliwa mpaka anatimiza miaka 18. Alichotoa mfukoni ni shilingi 4,320,000. Kwa asilimia 2.7 safi kwa mwaka, atakuta kama milioni 5 na nusu. Si haba. Lakini kama bei zinapanda kwa asilimia 3 kila mwaka, kitu cha shilingi 1,000 leo kitauzwa kama 1,700 siku hiyo. Kwa hiyo milioni 5 na nusu hiyo itanunua vitu vya kama milioni 3 na robo kwa bei za leo. Sasa chukua mzazi yuleyule, elfu ishirini ileile, lakini pesa inazaa asilimia 10 kwa mwaka na faida yote inaachwa humohumo. Atakuta kama milioni 12. Tofauti hiyo yote imetokana na mahali pesa ilipokaa, kwa sababu jasho la mzazi ni lilelile.

Asilimia 10 inapatikana wapi? Hakuna anayeweza kukuahidi, na anayekuahidi kwa kiapo mkimbie. Lakini kuna njia za halali zinazokaribia. Moja ni amana ya muda maalumu: akaunti ya mtoto ikifika kiasi fulani, unaihamishia pale kwa mwaka mzima, haitoki kabla ya siku yake, na benki kwa wastani zimekuwa zikilipa kama asilimia 8. Mwenye kiasi kikubwa anaweza kupatana nao riba ya juu zaidi. Nyingine ni mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, taasisi ya Serikali. Wana Mfuko wa Watoto ulioanza mwaka 2008, maalumu kwa kumwekezea mtoto. Unanunua vipande, yaani sehemu ndogondogo za mfuko huo, kwa jina la mtoto, kidogokidogo, hata kwa simu, na thamani ya kipande inapanda au kushuka kufuatana na kule walikowekeza, yaani hatifungani, ambazo ni mikopo wanayopewa Serikali au makampuni, hisa na amana za benki. Inaweza kushuka, na hilo mwalimu wa vikoba asiyewaambia anawadanganya. Lakini kwa mtoto wa miaka miwili mwenye miaka 16 mbele yake, kushuka kwa mwaka mmoja si msiba. Msiba ni kuogopa ukauza siku imeshuka.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mzazi mwenye mtoto mdogo uko hivi. Akaunti ya benki iwe mlango wa kuingilia: hapo ndipo elfu mbili za wakala na zawadi za shangazi zinapokusanyika. Kila zikifika kiasi mlichokubaliana nyumbani, laki moja au mbili, sehemu kubwa ihamie kwenye vipande au kwenye amana ya muda. Kwa mwenye mtoto wa kidato cha tatu, mwendo ni mwingine kabisa. Miaka iliyobaki ni michache, kwa hiyo pesa ikae benki, penye uhakika, asije akahitaji kulipia chuo mwezi ambao vipande vimeshuka.

Kwa ndugu zangu Waislamu mnaonitazama kila nikitaja riba: hamkusahauliwa. Amana Bank ilianzishwa mwaka 2011 kuendesha benki kwa misingi ya Kiislamu, CRDB wana dirisha la Al Barakah, na NBC wana huduma yao ya La Riba. Huko ama pesa inakaa kama amana tu, bila nyongeza, ama mnaingia makubaliano ya kugawana faida ya biashara. Ukienda, uliza aina ya mkataba kwa jina lake, faida inagawanywaje, na hasara ikitokea ni ya nani. Ofisa mzuri atakueleza bila kukuharakisha.

Je, benki ikifa? Swali hili huulizwa na wazee, na wana haki, wameona mengi. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano kwa siku moja kwa kukosa mtaji wa kutosha. Miongoni mwao zilikuwa benki ya wanawake ya Covenant, na benki ya Efatha, zote za hapahapa Dar es Salaam. Wateja wakalipwa na Bodi ya Bima ya Amana, lakini wakati huo kinga ilikuwa mwisho shilingi 1,500,000. Mwenye zaidi ya hapo alingoja mali za benki ziuzwe. Mwaka 2023 kinga hiyo ilipandishwa hadi shilingi 7,500,000 kwa kila mwenye amana katika kila benki. Akiba za watoto wetu wengi ziko ndani ya kiasi hicho, kwa hiyo lala usingizi. Ila ujue kinga hiyo inahusu amana za kwenye benki na taasisi za fedha zenye leseni ya Benki Kuu. Kikoba hakimo. Vipande vya UTT havimo. Na yule kijana anayepita na daftari akikusanya “akiba za watoto” kwa ahadi ya kuzirudisha mara mbili, huyo hana kinga yoyote, na nambari yake ya simu haitapatikana siku ya mavuno.

Makaratasi niyapitie haraka. Benki itataka cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho chako cha taifa cha NIDA au namba yake, na picha. Kinachokwamisha watu wengi ni cheti. Lile tangazo la kizazi ulilopewa hospitali siku ya kujifungua si cheti cha kuzaliwa. Cheti kinatoka RITA, wakala wa Serikali wa kusajili vizazi na vifo, na siku hizi maombi yanafanyika mtandaoni. Angalia herufi za majina moja moja: Zainabu wa kwenye cheti akiwa Zaynab kwenye daftari la shule, utazunguka ofisi siku ukiwa na haraka. Bibi na shangazi mnaolea, nanyi mnaweza kufungua, lakini mara nyingi mtatakiwa kuonyesha kwamba ninyi ndio walezi, kwa hiyo Mwenyekiti hapa asichoke kuwaandikia barua.

Baada ya kufungua kunabaki kazi ndefu zaidi, ya miaka. Wenye mshahara, andikeni agizo la kudumu benki ili siku mshahara unapoingia kiasi kiende chenyewe kwa mtoto kabla hujakigusa. Sisi wa biashara ndogo hatuna siku ya mshahara, lakini tuna siku ya soko. Chagua siku moja ya wiki, ile unayouza vizuri, na faida ya bidhaa moja iwe ya mtoto. Mama muuza samaki pale Rangi Tatu anaweza kusema, Jumamosi faida ya dagaa ni ya Rehema. Kiasi kitapanda na kushuka na haidhuru. Na namba ya akaunti igaweni kwa wajomba na mashangazi. Siku ya ubatizo, arobaini, kipaimara au kuhitimu, badala ya bahasha inayopita mikononi mwa watu watatu, mtu anaweka moja kwa moja.

Hapo nafika kwenye neno ambalo kila mtoto wa mji huu analijua: “lete nikutunzie.” Mtoto ametoka kuzunguka Idi, mfuko umejaa mia tano na elfu moja za wajomba. Au ni Krismasi, mgeni kutoka Mwanza amempa elfu kumi. Mama ananyoosha mkono: lete nikutunzie. Mtoto anatoa. Hiyo pesa haionekani tena, na mtoto akiuliza anaambiwa, kwani unakula nini hapa nyumbani? Wazazi wenzangu, naomba tuliache jambo hili. Mtoto yule anajifunza kwamba pesa uliyonayo itumie upesi kabla mkubwa hajaiona. Akija kuwa kijana wa miaka 25 mwenye kipato, asiyeweza kukaa na laki mbili wiki nzima, tutamshangaa, na sisi ndio tuliomfundisha.

Mwambie hivi: hapa una elfu kumi na mbili. Ngapi unakula sikukuu, ngapi tunapeleka? Akisema elfu mbili zipelekwe, zipelekwe hizo mbili. Mpeleke yeye mwenyewe kwa wakala, aone zikihesabiwa, aone ujumbe ukiingia, aandike kwenye daftari lake tarehe na salio. Mtoto wa darasa la pili anaweza kujumlisha elfu mbili na elfu arobaini na sita, na hesabu hiyo hataisahau kwa sababu ni yake. Akifika sekondari mweleze riba, mwonyeshe ile hesabu ya milioni 5 na milioni 12, umpe nafasi ya kubisha. Kuna wazazi wanaoogopa kwamba mtoto akijua ana pesa atadeka au atawaambia wenzake. Mfundishe kutunza siri ya nyumba kama unavyomfundisha mengine. Mtoto anayejua salio lake ndiye mlinzi mkali kuliko saini mbili, maana mzazi anayetaka kuchota itabidi amtazame usoni.

Na ikilazimika kuchota? Mtoto anaumwa, bima haipo, Muhimbili wanahitaji malipo leo. Chota. Pesa yake imtibu, hakuna wa kukulaumu. Ila kwa shida nyingine zote, jiwekee utaratibu kama wa kikoba: unaandika kwenye daftari la mtoto kiasi, sababu, na tarehe ya kurudisha, mwenzako anasaini. Umekopa kwa mtu mwenye jina. Kikundi chako unakiogopa ukalipa rejesho kila Jumatatu. Mtoto wako naye akae kwenye orodha hiyo ya unaowaogopa.

Akaunti isiyoguswa miaka mingi hulala, na kuiamsha ni safari ya tawini na makaratasi. Kwa hiyo hata mwaka mgumu weka chochote, na ukibadilisha namba ya simu, benki wajue. Wengi hapa tumebadilisha laini, ujumbe wa salio unakwenda kwa mtu mwingine na hatuna habari. Namba ya siri ya simu nayo, watoto wetu wa miaka kumi wanaijua kuliko sisi. Ibadilishe.

Akitimiza miaka 18, mpeleke benki na kitambulisho chake. Usingoje aje kuambiwa na mtu mwingine. Mabishano mengi niliyoyaona kaunta yalikuwa ya kijana na mama yake, kijana akidai akaunti yake, mama akishangaa kwamba kumbe sheria inamtambua mwanawe. Kama mmekwenda pamoja tangu darasa la pili, siku hiyo hakutakuwa na mabishano. Kama unaogopa kwamba atazila zote kwa pikipiki, basi miaka ya kuzungumza naye ni sasa, angali darasa la nne.

La mwisho ni zito, na sitaliruka. Mzazi uliyesaini peke yako ukifariki, itakuwaje? Pesa iliyo kwenye akaunti yako mwenyewe inaingia kwenye mirathi, hata kama moyoni ulisema hii ni ya mtoto. Ndugu watakaa, msimamizi atateuliwa, mahakama itahusika, na mtoto atapata fungu lake pamoja na warithi wengine. Iliyo kwa jina la mtoto ina nafasi bora zaidi ya kubaki yake, lakini bado benki itamtaka mtu mzima anayetambulika kisheria kusaini. Nimeona shangazi akizunguka mahakama ya mwanzo miezi kadhaa akiwa na mtoto mkononi, pesa ipo, inaonekana kwenye mashine, na haitoki. Weka msaini wa pili mapema. Andika wosia, useme nani awe mlezi wa mtoto na wa mali yake. RITA hawa hawa wa vyeti vya kuzaliwa huandika na kuhifadhi wosia. Kuandika wosia hakumwiti mtu kaburini, na anayekwambia hivyo muulize mirathi ya baba yake iliisha lini.

Pale nyuma, karibu na mlango, kuna meza. Wenye watoto wasio na vyeti waanzie hapo, wasaidiwe kujaza maombi leo kabla ya kuondoka. Wenye vyeti na NIDA wanaweza kwenda benki wanayoitaka Jumatatu asubuhi, wakiwa na yale maswali niliyosema: kutoa mara ngapi, saini ngapi, kadi ni lazima au la, makato ni yapi. Mwalimu Mkuu, naona mama mwenye mtandio wa kijani amenyoosha mkono tangu nilipotaja UTT. Naomba tuanze na yeye.